Nani alisema konsaltanti wa mifumo lazima awe na digrii ya kompyuta?

Leo naweka kando mambo ya kuandika programu (sehemu ya pili ya makala ya hifadhidata itakuja, msinipigie kelele) kwa sababu kuna swali limejaa kwenye barua pepe yangu na nimechoka kulijibu mtu mmoja mmoja. Huja kwa sura nyingi. "Mimi nimesomea ualimu, naweza kuwa konsaltanti wa mifumo?" "Mimi ni muuguzi, napenda kompyuta, nianzie wapi?" "Nilikuwa wakala wa forodha Malaba, sina digrii, na umri unakwenda." Halafu kuna vijana wenye digrii ya sayansi ya kompyuta kama yangu, wao huuliza kwa nini hakuna anayewaita.

Jibu fupi ni kwamba mwalimu, muuguzi na wakala wa forodha wako mbele ya mtu mwenye digrii ya kompyuta peke yake. Angalau ndivyo ninavyoona hapa Busia na Malaba, ambako nafanyia sehemu kubwa ya kazi zangu. Jibu refu ni hili linalofuata, na najua litawaudhi baadhi ya wenzangu niliosoma nao. Sawa tu, tumeshazoeana.

Kwanza neno lenyewe. Kiswahili sanifu kinatuambia ni mshauri. Lakini mwambie shangazi yako kule Funyula kwamba siku hizi wewe ni mshauri, atakuuliza unashauri ndoa au unashauri wagonjwa. Mpakani watu husema konsaltanti, na wakisema hivyo mara nyingi wana watu wawili kichwani: yule wa kutoka Nairobi mwenye gari jeupe, beji shingoni na rundo la fomu za maswali, au dalali aliyebadilisha jina. Mimi nazungumzia mtu wa tatu. Huyu analipwa na mwenye biashara au ofisi kwa sababu anaijua kazi fulani kuliko wao, anawaonyesha namna ya kuifanya vizuri zaidi, kisha anaondoka na kazi inaendelea bila yeye. Dalali hataki uweze kuendelea bila yeye. Anataka urudi kila siku.

Sasa twende Malaba, maana huko ndiko nilikojifunza mengi ya haya. Kwa ambao hamjafika: huu ndio mlango wa malori yanayotoka bandari ya Mombasa kwenda Uganda, na mengine yakiendelea hadi Rwanda, Sudan Kusini na mashariki ya Kongo. Zamani mji mzima uliishi kwa karatasi za malori hayo. Upande wa Kenya wakala aliandika maelezo ya mzigo kwenye mfumo wa Simba, ambao Mamlaka ya Mapato ya Kenya (KRA) iliuanzisha mwaka 2005. Akivuka daraja, maelezo yaleyale ya mzigo uleule yaliandikwa tena kwenye ASYCUDA, mfumo wa mamlaka ya Uganda. Kulikuwa na jaribio la kuiunganisha mifumo hiyo kwa kitu kilichoitwa RADDEx, lakini karatasi ziliendelea kutembea mkononi. Lori liliweza kulala mpakani siku kadhaa. Lori likilala, mama wa chakula anauza, gesti inajaa, wabadilishaji pesa wanabadilisha, na wakala anakula.

Mwaka 2014 nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki zikaanza kutekeleza Himaya Moja ya Forodha. Kwa mzigo wa Uganda, tamko la forodha likawa linafanywa mara moja kwenye mfumo wa Uganda, kodi inalipwa kabla mzigo haujatoka Mombasa, na lori linafika Malaba mambo mengi yakiwa yameshamalizika. Kisha vikaja vituo vya pamoja. Cha Busia kilifunguliwa rasmi na Rais Uhuru Kenyatta na Rais Yoweri Museveni tarehe 24 Februari 2018. Ukitoka Kenya leo husimami mara mbili. Unapita moja kwa moja hadi upande wa Uganda, na huko maofisa wa nchi zote mbili wamekaa pamoja.

Kwa macho ya mtengeneza programu hii ni kazi safi kabisa. Data inaingizwa mara moja, inasomwa na wote wanaoihitaji. Mimi mwenyewe ningeipa alama nzuri. Kwa macho ya wakala wa Malaba ilikuwa njaa. Ofisi zilifungwa. Wengine walihamia Mombasa na Nairobi kufuata kazi ilikokwenda, wengine wakafungua maduka, wengine wakarudi shambani. Na wachache, wachache sana, wakagundua kitu: ofisi ilifungwa lakini watu hawakuacha kuja kuwauliza maswali.

Mmoja wao nafanya naye kazi hadi leo. Sitamtaja. Alimaliza kidato cha nne, akasomea cheti cha uwakala wa forodha kile cha Afrika Mashariki kinachotambuliwa na mamlaka za mapato, na basi. Hajui kuandika programu hata mstari mmoja. Lakini mpe bidhaa yoyote, kipuri cha trekta, chandarua, mashine ya kusaga, atakuambia tarakimu nane za ushuru wake bila kufungua kitabu, na atakuambia pia kwa nini jirani yako aliyetumia tarakimu nyingine alirudishwa. Hilo si jambo dogo. Tangu Julai 2022 ushuru wa pamoja wa Jumuiya una ngazi nne: sifuri, asilimia 10, asilimia 25 na asilimia 35. Ukikosea tarakimu moja tu unaweza kuruka ngazi, na faida yote ya safari ikaenda na maji.

Kuna msafirishaji mmoja mwenye malori machache aliyetaka programu ya kufuatilia mizigo yake. Kabla sijaandika chochote nilimwita huyu mzee. Tulikaa siku mbili chini ya mwembe karibu na yadi, yeye na daftari la shule la kurasa 96. Akaanza: "Kijana, andika. Lori moja linaweza kubeba mzigo wa watu sita. Watano wamelipa, mmoja hajalipa. Utafanya nini?" Nikaandika. "Dereva amebadilishwa Eldoret, jina kwenye karatasi ni la yule wa kwanza." Nikaandika. "Simu ya dereva iko Kenya lakini imeshika mtandao wa Uganda, ujumbe wako hautamfikia kwa laini uliyonayo." Nikaandika. Alifika hali thelathini na kitu. Ile programu ni lile daftari, mimi nimelitafsiri tu kwa lugha ya mashine. Malipo tuligawana nusu kwa nusu, na naona yeye ndiye aliyepunjwa.

Kama unadhani hii ni hadithi ya mpakani tu, angalia programu ambayo wengi wenu mmeisikia: OpenMRS, mfumo huria wa rekodi za wagonjwa unaotumika katika nchi nyingi duniani. Mizizi yake ni hapa kwetu magharibi ya Kenya. Mwaka 2001 kituo cha afya cha Mosoriot, karibu na Eldoret, kilianza kutumia rekodi za wagonjwa za kompyuta. Mwaka 2004 Paul Biondich na Burke Mamlin walifika Eldoret kuona namna ya kukuza kazi hiyo kwa ajili ya mpango wa AMPATH wa kutibu wagonjwa wa Ukimwi, mpango ambao kliniki zake zilifika hadi Busia. Hawa walikuwa madaktari waliojua kompyuta, mmoja wao daktari wa watoto. Walijua mgonjwa anauliza nini, muuguzi anaandika nini akiwa amechoka, na karatasi ipi hupotea. Ndiyo maana kitu chao kilidumu.

Hata kule Marekani ambako biashara hii ya konsaltanti imekuwa kubwa mno, mwanzo wake ulikuwa hivyohivyo. James McKinsey, aliyeanzisha kampuni yenye jina lake mwaka 1926, alikuwa profesa wa uhasibu mjini Chicago. Marvin Bower, aliyeijenga baada yake, alikuwa mwanasheria. Bruce Henderson wa Boston Consulting Group alisomea uhandisi, na kabla ya hapo aliuza Biblia. Na mwaka 1954, General Electric walipotaka kompyuta iwalipe mishahara wafanyakazi wa kiwanda chao cha Louisville, waliowasaidia walikuwa watu wa Arthur Andersen, kampuni ya wahasibu. Wakati huo hakukuwa na digrii ya kompyuta ya kumwonyesha mtu.

Haya, turudi kwa waliouliza.

Mwalimu, wewe nakuanza kwa sababu hujijui. Kazi ya konsaltanti ni nusu kufundisha, na pengine zaidi ya nusu. Chukua jambo la eTIMS, mfumo wa ankara za kielektroniki wa KRA. Tangu 1 Januari 2024 gharama ya biashara isiyo na ankara ya eTIMS haikubaliwi wakati wa kukokotoa kodi. Maana yake ni kwamba mwenye duka la jumla mjini Busia anaulizwa ankara na wateja wake, naye anawauliza waliomuuzia, na ghafla kila mtu ananyoosha simu yake hewani akitafuta mtu wa kumsaidia. Vijana wa kompyuta walikuja. Nimewasikia kwa masikio yangu wakieleza: mfumo unatuma ombi kwenye seva, seva inajibu. Mwenye duka anaitikia "sawa, sawa", kesho yake amerudi kwenye kitabu chake cha risiti.

Kisha akaja mwalimu mmoja wa somo la biashara. Alikuwa amengoja ajira ya serikali miaka mingi, na katika kungoja alikuwa akijazia watu fomu za iTax kwenye saiba. Yeye aliwakusanya wenye maduka wanane kwenye chumba nyuma ya kanisa, akawagawa wawiliwawili, akawafanya wauziane sukari na sabuni za kubuni hadi kila mmoja alipotoa ankara tatu bila kusaidiwa. Aliyekosea alifanya tena. Wiki iliyofuata alipita kila duka kuona kama wanaendelea. Alitoza kwa duka, si kwa saa, na wote walilipa. Sioni digrii yangu ingeongeza nini hapo. Labda ningemtengenezea karatasi nzuri ya mahudhurio.

Muuguzi na wewe ofisa wa kliniki, nafasi yenu iko wazi mno hata sijui kwa nini hamjaiona. Tangu Oktoba 2024, NHIF ilipoondoka na SHA ikaingia, kila zahanati ya binafsi imelazimika kujifunza upya namna ya kudai malipo kwa mtandao. Anayejua dai linajazwaje na kwa nini dai hurudishwa ni nyinyi mliolijaza. Tena, Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inataka watoaji wa huduma za afya wajisajili kwa Kamishna wa Kulinda Data hata wakiwa wadogo. Shule vilevile. Hoteli vilevile. Hapo mwanasheria kijana asiye na kesi angeshikana na muuguzi, wakazunguka kuanzia Malaba, Amagoro, Busia hadi Port Victoria, na wasimalize mwaka huu.

Uliyesomea kemia au kilimo, kumbuka Machi 2021. Kenya ilizuia mahindi ya Uganda na Tanzania kwa sababu ya sumu ya aflatoksini, malori yakakwama, na baada ya siku chache zuio likaondolewa kwa masharti: mwagizaji asajiliwe, na mzigo uwe na cheti kwamba sumu haizidi sehemu 10 kwa bilioni. Wafanyabiashara wa mahindi walihitaji mtu wa kuwaambia unyevu unapimwaje, sampuli inachukuliwaje kwenye magunia mia tatu, na rekodi inawekwaje ili cheti kiaminike. Waliokuwa na jibu waliheshimiwa haraka sana. Waliobaki tulitazama.

Na wewe mwenzangu wa digrii ya kompyuta? Usikasirike. Tuna kitu: tunajua data inavyosafiri, inavyopotea na inavyoibwa, na tunajua kwamba nakala ya akiba isiyowahi kujaribiwa si nakala. Hayo ni maarifa ya thamani. Tatizo ni kwamba hakuna mtu Malaba mwenye shida ya data. Watu wana shida ya lori lililokwama, dai lililorudishwa, mahindi yaliyokataliwa. Kwa hiyo chagua kazi moja ya watu na uisomee kama ulivyosomea mtihani. Mimi nilikaa wiki mbili kwenye ofisi ya msafirishaji nikipanga karatasi bila malipo, na hizo wiki mbili bado zinanilisha. Chuo Kikuu cha Alupe kiko hapahapa kati ya Busia na Malaba, na natamani kila mwanafunzi wa kompyuta pale apelekwe kwenye yadi ya malori muhula mmoja kabla hajaonyeshwa chochote kuhusu akili bandia.

Kuna kitu kimoja ambacho wakala, mwalimu na muuguzi wote hukosa, nacho ni kuandika. Watu wa mpakani ni wasemaji hodari. Yule mzee wangu anaweza kukueleza forodha kwa Kiswahili, Kiteso, Kisamia na Kiganda, ukaelewa kwa lugha yoyote uipendayo. Mwombe aandike ukurasa mmoja, anakimbia. Sasa, ukurasa huo mmoja ndio mlango. Uandike shida ni nini, inamgharimu mteja kiasi gani kwa mwezi, utafanya nini, kwa siku ngapi, kwa bei gani, na mteja atatoa nini upande wake. Hauhitaji Kiingereza cha kifahari. Nimeona kurasa za Kiswahili zikikubaliwa na wenye malori bila swali.

Hapa ndipo nafika kwenye linaloniuma. Kila baada ya muda shirika au ofisi fulani hutangaza kazi ya utafiti kuhusu biashara ya mpakani. Soma hadidu za rejea: shahada ya uzamili katika uchumi au fani inayokaribiana, uzoefu wa miaka kumi, ripoti tatu za kazi kama hiyo. Anashinda mtu wa mji mkuu. Anakuja Malaba siku tano, analala hoteli nzuri, anamtafuta nani? Anamtafuta yule mzee. Mzee anahojiwa saa mbili, anapewa nauli na soda. Baadaye ripoti inatoka, ina michoro ya rangi, na maarifa yote yenye uzito ndani yake ni ya mzee. Jina lake limekuwa "mtoa habari namba 7". Malipo ya ripoti hiyo moja yangelipa karo ya watoto wake kwa miaka.

Msiniambie hii ni lazima ili kulinda ubora. Ubora wa ripoti ulitoka kwa nani? Anayetaka kulinda ubora aandike kwenye hadidu zake kwamba timu iwe na mtu aliyefanya kazi ya forodha mpakani kwa miaka mitano, awe na digrii au asiwe nayo, na atajwe kwa jina pamoja na siku zake za malipo. Sentensi moja tu hiyo ingebadilisha nani anakula.

Watu wa fani yangu nao wamewahi kutaka kufunga mlango. Mswada wa wataalamu wa TEHAMA, ulioletwa Bungeni mara ya kwanza mwaka 2016, ulitaka wanaofanya kazi za TEHAMA wasajiliwe na kupewa leseni. Ulipingwa ukarudi. Mwaka 2022 Bunge liliupitisha, na Rais Uhuru Kenyatta akakataa kuutia saini. Walioutetea walisema wanataka kuwazuia matapeli. Matapeli wapo, sikatai. Nimekutana na mtu Busia anayejiita mtaalamu wa mifumo ambaye mfumo wake wote ni nywila za iTax za wateja wake kwenye kipande cha karatasi mfukoni. Lakini leseni isingemgusa huyo, maana huyo angeitafuta leseni kabla ya wengine wote. Ingemgusa mwalimu wa chumba cha nyuma ya kanisa.

Mtauliza: basi mteja atamtambuaje aliye wa kweli? Mwulize akuonyeshe mteja wa mwaka jana ambaye hamhitaji tena. Dalali hana mteja wa namna hiyo.

Sasa tuje kwenye pesa, kwa sababu hapa ndipo wengi wa mpakani huanguka. Kwetu ushauri ni bure. Mtu mzima akiulizwa jambo hujibu, na kumtoza mtu pesa kwa sababu amekuuliza swali kunaonekana ni ukosefu wa adabu. Nimemwona yule mzee akitoa ushauri wa maelfu ya shilingi kwa kikombe cha chai na chapati mbili, kisha anaaga kwa furaha. Sitaki aache utu wake. Tulichokubaliana ni hiki: maneno yabaki bure, ila kazi ilipiwe. Ukimwuliza tarakimu ya ushuru, atakuambia. Ukitaka apange faili zako za miezi sita, amfundishe karani wako na akuandikie utaratibu wa kubandika ukutani, hapo kuna ukurasa mmoja na kuna bei, na theluthi moja inalipwa kabla hajavua koti. Tangu aanze hivyo hakuna aliyemwita mchoyo.

Jueni pia kodi. Mkenya anayemlipa Mkenya mwenzake ada ya ushauri hukata asilimia 5 na kuipeleka KRA, malipo ya mwezi yakifika shilingi 24,000. Konsaltanti wa kutoka upande wa Uganda au nchi nyingine ya Jumuiya akilipwa na Mkenya hukatwa asilimia 15. Nawaambia haya kwa sababu mpakani tunavuka daraja kama tunavyovuka barabara. Mtu ana mteja hapa asubuhi na mteja kule mchana, na anashangaa kwa nini pesa zimefika pungufu. Andika kwenye mkataba bei ni ya shilingi ipi, ya Kenya au ya Uganda. Usicheke, nimeshuhudia mabishano ya siku nzima juu ya hilo.

Na usiingie peke yako. Sheria ya ununuzi wa umma ya 2015 inaruhusu kampuni kuungana kuomba zabuni, na tangu 2013 asilimia 30 ya zabuni za serikali imetengewa vijana, wanawake na watu wenye ulemavu. Wakala asiye na digrii, kijana wa kompyuta asiye na uzoefu na muuguzi asiye na mtaji, kila mmoja peke yake ataachwa nje na hadidu za rejea. Wakijisajili pamoja kwenye eCitizen, hadidu hazina cha kuwauliza tena. Ila kabla ya kusajili, andikeni nani anapata kiasi gani kazi ikija, nani anashika nywila, na ikitokea mmoja amepata ajira Nairobi akaondoka, hisa zake zinakuwaje. Mimi na mzee tumeandika yetu kwenye ukurasa wa mwisho wa lile daftari la kurasa 96, tumetia saini wote wawili, na mama wa chakula wa pale yadi ndiye shahidi. Mwezi huu tunaitafutia mwanasheria aiandike upya, na kama yuko mmoja kati yenu hapo Busia ambaye hana kesi nyingi, aniandikie.